Asubuhi Lori la Oksijeni Lilipogoma

Elinaja anaogopa baridi kuliko mtu yeyote ninayemfahamu, na bado kazi aliyoichagua ni kuendesha lori London, masika na kipupwe. Nimemwambia mara nyingi angebaki kule uwanja wa ndege alikokuwa anasafisha vyoo, vyoo vyenye joto la kuotesha mpunga. Ananijibu kwamba kule hakuna aliyekuwa anamsubiri. Hapo huwa nanyamaza, na mimi si mtu wa kunyamaza.

Ni Mpare wa Usangi. Alikuja hapa kumfuata mumewe, Lusajo, akasafisha kwa miaka, kisha siku moja akatangaza kwamba anataka leseni ya lori. Tulicheka. Alisoma kitabu cha sheria za barabarani bafuni, mlango umefungwa kwa komeo, sisi wengine tukigonga tunataka kuoga. Mtihani wa kuendesha alifeli, akarudia, akafeli tena kwa sababu kila akikaribia kipilefti, ule mzunguko wa njia panda, alikuwa anaomba kwa sauti na mkaguzi akadhani anaongea na simu. Aliporudi na cheti alipika makande ya mtaa mzima, na tangu hapo hakuna anayecheka.

Sasa anapelekea wagonjwa mitungi ya oksijeni majumbani. Mwenye kampuni ni kijana mmoja wa Kipunjabi anaitwa Sunny, na yadi yake iko Hounslow, nyuma kabisa ya nyumba tunayopanga. Elinaja na Lusajo wako chini. Mimi, Winifrida, nina chumba cha juu, na natunza wazee kwa zamu.

Lori lenyewe ni zee. Sunny alilinunua Uskoti kwa mtu aliyekuwa akilipeleka milimani kwenye theluji, nalo likaja na kitu ambacho madereva wengi wa London hawajawahi kukihitaji: hita ya injini. Ifikirie ile hita ya kuchemshia maji kwenye ndoo. Hii imefungwa ndani ya injini, inapasha yale maji yanayozunguka humo. Waya wake unachungulia kwenye bampa. Jioni Elinaja anauchomeka kwenye ekstensheni, ekstensheni inapita chini ya mlango wa nyuma, inaingia jikoni mpaka kwenye soketi iliyo kando ya birika la umeme. Asubuhi injini iko vuguvugu na inawaka mara moja. Bila hita, baridi ikiwa kali, lori lile linakoroma kidogo na kurudi kulala.

Mwezi wa kwanza, baridi ikiwa ndiyo imekolea, baba mkwe wa Elinaja akaja kutoka Tukuyu.

Mzee Mwaisumo ni dereva mstaafu wa malori ya barabara ya Zambia, mrefu, mpole, mwenye mikono mikubwa ambayo hajui aiweke wapi akiwa hana usukani. Na ni Mnyakyusa wa zamani. Kwao, mke wa mwana hasemi na baba mkwe. Hamtazami usoni, hapiti mbele yake, hali naye meza moja. Wengi wa siku hizi wameliacha jambo hili, wanakaa sebuleni na wakwe zao wakitazama mpira. Lakini Lusajo alimwomba mkewe kabla hawajaenda kumpokea: "Vumilia tu, mama. Kwake hiyo ndiyo heshima. Akiondoka tunarudi kawaida." Elinaja akakubali. Mimi ningekataa hapo hapo, na nilimwambia hivyo.

Basi nyumba ikawa na sheria za barabarani. Mzee akitaka kuingia jikoni anakohoa kwanza. Elinaja akiwa humo anagonga mwiko kwenye sufuria, mzee anasubiri kwenye korido, na yeye anatokea mlango wa nyuma, nje, kwenye baridi hiyo hiyo anayoiogopa. Wakikutana kwa bahati mbaya, Elinaja anavuta kofia ya jaketi na kugeukia ukutani mpaka mzee apite. Chakula anapika yeye, napeleka mimi.

"Mwambie mwenzako mboga zilikuwa tamu."

Naenda kumwambia.

"Mwambie Baba asante."

Narudi kumwambia. Nilikuwa mkalimani wa watu wawili wanaozungumza Kiswahili kilekile, tena bila mshahara.

Kilichoniudhi zaidi ni kwamba walipendana. Nilikuwa nawaona. Elinaja alimchagulia nyama laini kwa sababu ya meno yake, na mzee kila asubuhi alisimama nyuma ya pazia kumtazama anavyolitoa lori kinyumenyume kwenye lile geti jembamba, na akilitoa bila kugusa, alitikisa kichwa kwa kuridhika, peke yake. Ila maneno hayakuwepo. Mzee hakujua kwenye mitungi ile kuna nini. Hakujua ule waya unakwenda wapi. Lusajo ni msahaulifu wa kuzaliwa, na mimi nilikuwa nabeba ujumbe ninaopewa, si zaidi.

Ikafika Jumamosi moja. Baridi ilikuwa imeshuka mpaka redio ikawa inaitangaza kama msiba, na vidirisha vya chumba changu viliganda kwa ndani. Lusajo alikuwa ameingizwa zamu ya usiku kwenye mizigo ya uwanja wa ndege, ya kwanza tangu mzee afike, na alikuwa bado kazini na gari lake. Elinaja alikuwa wa zamu ya dharura, kwa hiyo lori lilikuwa limelala yadi limepakiwa mitungi.

Simu yake ililia kabla hakujapambazuka vizuri. Nilishuka kutafuta chai nikamkuta jikoni, ameiweka kwenye spika huku anavaa viatu.

Sauti niliifahamu. Ni Kuldip, Singasinga mmoja wa Southall aliyezaliwa Kisumu, ambaye Kiswahili ndicho kilichomfanya awe na namba ya Elinaja. Mapafu yake yamechoka. Anapumua kwa mashine ya umeme inayochuja oksijeni kutoka hewani, na umeme ukikatika ana mtungi mmoja wa akiba.

"Elinaja, mama. Umeme hakuna. Mtaa yote giza. Mashine imekufa. Mimi niko kwa mtungi sasa, na sindano ya geji imeingia nyekundu."

"Umepiga ambulance?"

"Nimepiga. Wanasema wanakuja. Barafu iko kila mahali, watu wanaanguka kila mahali. Wanasema mimi nikae tulivu." Akakatika kuvuta pumzi. "Nakaa tulivu, mama. Nitafanya nini ingine?"

"Nakuja. Fungua komeo la mlango, halafu kaa chini usitembee tena. Nakuja mwenyewe."

Hapo hapo Sunny naye akapiga, kwamba ni emergency delivery na lori lake lingine limekwama upande wa pili wa mji. Elinaja akatoka mbio. Nilimsikia akipiga stata. Injini ikaguna, nzito, ikakata. Akapiga tena. Mara ya tatu iliguna kwa sauti ndogo kuliko ya kwanza, na moyo wangu ukashuka nayo, kwa sababu hata mimi nisiyejua gari najua sauti ya betri inayochoka.

Nilitoka nje na kanga juu ya jaketi. Elinaja alikuwa amevua glavu na kushika bampa kama mtu anayepima homa ya mtoto.

"Baridi kabisa," alisema. "Hita haikufanya kazi."

Alifuata waya kwa mkono, kutoka kwenye bampa, juu ya theluji, chini ya mlango, mpaka jikoni. Plagi ilikuwa mahali pake. Swichi ilikuwa imezimwa. Na swichi ya birika imezimwa, na ya tosta, na ya maikrowevu, zote ukuta mzima.

Tukatazamana. Nyumba ile ilikuwa na mtu mmoja tu wa kufanya hivyo. Kwake Tukuyu umeme ni wa LUKU, unanunua yuniti kwanza ndipo unawasha, na mtu aliyezoea LUKU haendi kulala akaacha swichi iko wazi ukutani. Tangu afike, mzee alikuwa anazunguka usiku kutufanyia huo wema. Siku zote Lusajo ndiye aliyelala wa mwisho, akapita nyuma yake na kuiwasha ile moja. Usiku ule Lusajo hakuwepo.

Hasira ilinipanda mpaka masikioni. Niligeuka niende chumbani kwa mzee nikamweleze yote, na mengine ya wiki nzima. Elinaja akanishika mkono.

"Usimwambie."

"Mtu anakufa Southall, Eli!"

"Ndiyo maana usimwambie. Akijua, tutakaa hapa tunambembeleza yeye. Niitie teksi, tutabeba mitungi miwili humo."

Akawasha hita. Inahitaji masaa kupasha injini ile, lakini kidogo ni bora kuliko bure. Mimi nikahangaika na simu. Teksi kwenye app zilizunguka zunguka kwenye ramani bila kuja. Dereva mmoja akakubali, akauliza mzigo, nikataja oksijeni kwa ujinga wangu wa kusema kweli, akakata. Lusajo hakupokea, simu zao zinafungiwa kwenye makabati wakiwa kazini. Elinaja alikuwa ameshafungua milango ya nyuma ya lori na kushusha mtungi mmoja chini, tayari kwa gari ambalo halikuja.

Kwenye korido, mzee akakohoa.

Mwiko haukugongwa. Elinaja alikuwa nje. Mzee akaingia amevaa koti juu ya pajama, macho hayana hata lepe la usingizi. Dereva akisikia stata inakufa hawezi kulala, hiyo alinieleza baadaye.

"Lori limegoma?"

"Limegoma, mzee. Baridi."

"Mwambie asipige stata tena, anaimaliza betri. Mwambie ainue kichwa cha lori, injini ionekane."

Nikakimbia. "Anasema usipige stata. Inua kichwa."

"Nakiinua," alisema Elinaja, na kweli kichwa cha lori kilikuwa kinalala mbele polepole. "Muulize, nikiweka joto, niliweke wapi kwanza?"

Nikakimbia kurudi. Mzee akaanza kunieleza, filta ya dizeli, na bomba fulani la kuingizia hewa, na kitu kingine kilichokuwa kushoto ukisimama mbele, au kulia ukikaa kwenye usukani. Nilirudia maneno yake njiani kama mtoto aliyetumwa dukani. Nilipofika kwenye ngazi ya mlango wa nyuma, barafu ikaniondoa miguu, nikaanguka kwa mgongo, na maneno yote yakanitoka.

"Amesema nini?" Elinaja alinipigia kelele.

"Kuna filta! Na kushoto!"

"Kushoto ya nini, Wini?"

Sikujua. Nilitaka kulia kwa hasira na kwa maumivu. Simu ikalia tena. Ni Kuldip.

"Mama. Sindano imelala."

Tulimsikia anapumua kifupi kifupi, na Elinaja akaitegesha ile simu juu ya bampa bila kuikata. "Kuldip, nakusikia. Usiongee. Pumua tu nikusikie." Alizungumza kwa utulivu, kisha akarudi kwenye injini.

Mimi nilikuwa bado nimekaa chini kwenye barafu, na mzee hakusubiri tena jibu langu. Alikuwa na jibu lake. Makambako, kwenye baridi kali ya mwezi wa sita, asubuhi malori yakigoma kuwaka, dereva haulizi mtu: anawasha mkaa kwenye karai na kulisukuma chini ya injini, anakaa kando anaota moto huku dizeli inalainika. Amefanya hivyo maisha yake yote. Na kwenye kibanda chetu cha nje kulikuwa na jiko la Lusajo la kuchomea nyama, gunia la mkaa, na vile vipande vya kuwashia vinavyoshika moto kwa kiberiti kimoja.

Nilimwona akitokea kona ya nyumba. Alikuwa ameshika sinia la bati kwa mikono miwili, amelikingia upepo kwa koti lake, na moto ulikuwa unapanda juu ya mkaa mweusi. Alikuwa anakuja haraka, kwa hatua za mtu mwenye msaada. Mbele yake kulikuwa na milango ya lori iliyo wazi na mitungi yote ile, na mmoja chini.

"Mzee!" nilisema, ila sauti ilitoka ndogo. Akadhani namharakisha. Akaongeza mwendo.

Elinaja akainua uso kutoka kwenye injini. Hakuvuta kofia. Hakugeukia popote.

"Baba, simama! Simama hapo hapo! Ni oksijeni!"

Mzee akasimama kama aliyegongwa.

"Mitungi yote hii ni oksijeni, Baba. Moto ukikutana nayo hatubaki hata mmoja. Rudi nyuma. Rudi mpaka kwenye ukuta, umwage kwenye theluji."

Mzee akarudi nyuma hatua kwa hatua, macho yake yakiwa kwa Elinaja, akamwaga moto wote kwenye theluji. Ukalia shaa, moshi ukapanda. Akaukanyaga kwa viatu vya ndani mpaka ukawa tope jeusi. Sioni aibu kusema nilimtaja Bikira Maria kwa sauti.

Ndipo Elinaja akatambua alichokifanya. Alikuwa kichwa wazi, nywele hazijachanwa, amesimama mbele ya baba mkwe wake, amemkemea kama dereva anavyomkemea utingo wake. Akaweka mkono mdomoni. Alitafuta ukuta wa kugeukia, na pale hakukuwa na ukuta, kulikuwa na lori tu.

"Nisamehe, Baba," alisema chini chini.

Na mimi, kwa mazoea, nikaanza kuinuka ili nimpelekee mzee ule ujumbe.

Mzee hakunitazama hata kidogo. Alikuwa anasikiliza ile simu juu ya bampa, ile pumzi ya kifupi kifupi.

"Ni nani huyo?" alimuuliza Elinaja.

"Mgonjwa wangu, Baba. Mtungi wake umeisha. Hii ndiyo hewa yake, na sina gari la kumpelekea."

Mzee akapangusa masizi kwenye koti. "Maji ya moto yapo?"

"Yapo."

"Lete na matambara. Mengi. Nionyeshe filta ya dizeli."

Nilichechemea jikoni. Nilichana shuka langu mwenyewe, Mungu ananiona. Nilijaza birika, nikalijaza tena, na kila nilipotoka na maji niliwakuta wameinama pamoja juu ya injini, kichwa kwa kichwa, wanaongea.

"Usimwagie, Baba?"

"Usimwagie kabisa. Chuma baridi kikipata maji ya moto kinapasuka. Kamua, fungia hapo. Na hapa, hili bomba la hewa."

"Limepoa hili tambara."

"Toa, weka lingine. Hita inafanya kazi sasa?"

"Inafanya."

"Iache mpaka dakika ya mwisho."

Mikono ya mzee ilikuwa imepata kazi yake. Hakukuwa na mkwe pale, kulikuwa na madereva wawili na lori lililogoma. Mimi nilibeba maji na kuangalia simu. Pumzi ya Kuldip ilikuwa inakuja, inakawia, inakuja. Nilianza kuvuta yangu pamoja nayo mpaka nikaona naishiwa mimi.

Mzee akashika filta kwa kiganja. "Betri ina pigo moja," alisema. "Mbili ni kujidanganya. Teremsha kichwa, ukae, usubiri niseme."

Wakatoa matambara, wakateremsha kichwa cha lori. Elinaja akapanda. Mzee akachomoa waya wa hita kwenye bampa, na nilimwona amesimama nao mkononi kidogo, akaufuata kwa macho juu ya theluji, mpaka chini ya mlango wa jikoni. Kisha akautupa kando na kuinua mkono.

"Bado. Acha plagi za injini zipate moto. Bado... Sasa!"

Stata ikazunguka kizito, kwa uchovu, mara injini ikakohoa moshi mweupe, ikasita. Nilifumba macho.

"Usikanyage mafuta! Iache ijivute yenyewe!"

Ikajivuta. Ikatetemeka lori zima, ikashika kwa silinda moja, ikashika kwa nyingine, halafu ikanguruma. Nilipiga vigelegele nikiwa peke yangu. Elinaja alikuwa ameshashuka, anaulaza mtungi mahali pake na kufunga milango.

"Mgongo wako umeumia," mzee aliniambia. "Mitungi hutaiweza. Nakwenda naye."

Nilipanda pia. Hakuna mtu angenibakiza. Tukakaa watatu mbele, mimi katikati kama pazia.

Kutoka Hounslow kwenda Southall si safari, siku nyingine unamaliza kabla redio haijamaliza habari. Asubuhi ile tulitambaa. Barabara iling'aa. Basi lilikuwa limelala upande kwenye mteremko, taa zinawaka, halina mtu, na Elinaja akalizunguka kwa kupanda ukingo wa watembea kwa miguu, akiomba kwa sauti vile vile kama siku za mtihani. Mzee alikuwa amekanyaga breki ambayo haikuwepo upande wake. Simu ilikuwa mikononi mwangu, na mahali fulani kabla ya daraja la mfereji, ile pumzi haikusikika tena. Nilitazama kioo. Ilikuwa imekatika.

"Mpigie," alisema Elinaja.

Nikapiga. Ikaita mpaka mwisho. Nikapiga tena. Elinaja hakuniuliza. Machozi yalikuwa yanamtoka, na mikono yake kwenye usukani haikutikisika.

Mzee ndiye aliyeanza kusema, taratibu, akitazama mbele. "Ule waya. Ulikuwa wa kupasha injini?"

"Ndiyo, Baba."

"Usiku kucha?"

"Usiku kucha."

"Sasa leo ulikuwaje?"

Niliuma ulimi. Elinaja akapinda kona yote, akalinyoosha lori, ndipo akajibu.

"Fyuzi iliungua, Baba."

Mtaa wa Kuldip ulikuwa giza tupu, hakuna hata taa ya barabarani. Elinaja aliruka chini bila kuzima injini. Mzee akabeba mtungi begani, peke yake, mzee yule, akapita kwenye barafu kwa viatu vya ndani. Komeo la mlango lilikuwa limefunguliwa. Nilikuwa nawamulikia na simu.

Kuldip alikuwa kwenye kiti chake, kilemba amekifunga vizuri, barakoa iko usoni, kichwa kimeangukia kifuani. Midomo ilikuwa ya zambarau. Simu ilikuwa sakafuni chini ya mkono wake. Elinaja alipiga magoti, akafungua mtungi, akageuza, hewa ikalia, akabadilisha mrija.

"Vuta. Vuta, mzee wangu. Mimi hapa. Vuta."

Kifua hakikusogea. Mzee Mwaisumo alikuwa ameushika mtungi usianguke, na nilimsikia akisema maneno ya Kinyakyusa, hayohayo tena na tena. Kisha kifua kikapanda. Kikashuka. Kikapanda zaidi. Elinaja akaweka paji la uso wake kwenye goti la Kuldip, akakaa hivyo.

Ilichukua muda midomo ile kurudi rangi. Alipofumbua macho, alimwona Elinaja, akaniona mimi na taa yangu, akamwona mzee mrefu wa pajama na masizi.

"Huyu nani?" sauti yake ilikuwa upepo tu.

"Ni baba mkwe wangu," alisema Elinaja. "Ndiye aliyeliwasha lori."

Kuldip akainua mkono, akaugusa mkono wa mzee ulioshika mtungi. "Asante, baba. Asante sana." Mzee akatazama chini kwenye zulia.

Ambulance ilikuja baadaye, vijana wawili wekundu kwa baridi. Wakamchukua, na Kuldip akawa anawaelekeza wasijikwae kwenye zulia. Tukatoka nje. Palikuwa pamekucha, theluji imekuwa ya kijivu, na lori linanguruma pale pale tulipoliacha. Elinaja akapanda, nami nikapanda. Mzee akabaki chini, mlango uko wazi, mkono wake umeshika ukingo wa kiti.

"Fyuzi haikuungua," alisema.

Elinaja akaondoa mkono kwenye gia.

"Mimi ndiye ninayezima zile swichi. Kila usiku. Umejua tangu asubuhi."

"Nimejua, Baba."

"Na yule mtu angekufa. Amenishukuru, na mimi ndiye ningemuua." Akasogea karibu na ngazi ya lori. "Sisemi leo. Leo ulikuwa na haraka. Siku ile nilipofika, mbona hukuniambia? Neno moja tu. Baba, hii usiiguse. Mbona hukuniambia?"

Elinaja alianza kugeukia dirisha, kwa yale mazoea. Kisha akarudi, akamtazama usoni.

"Ningekuambiaje, Baba?"

Mzee alisimama kwenye theluji na swali lile. Nilitazama magoti yangu, nikatamani kuwa mahali pengine popote. Mwishowe akapangusa uso kwa kiganja chenye masizi, ukawa mbaya zaidi, akapanda ngazi ya lori akaniambia, "Mama, hamia dirishani."

Nikampisha. Akakaa katikati, bega lake likagusana na la Elinaja, magoti yamekunjwa mpaka karibu na kifua, na akafunga mkanda.

"Haya," alimwambia. "Niambie sasa. Yote ambayo hukuniambia."

Elinaja hakuondoa lori mara moja. Alikuwa analia waziwazi. Alianza na swichi, ile ya hita, ndogo nyeupe kando ya birika. Akaja kwenye mitungi. Akaja kwenye dawa za presha ambazo mzee alikuwa anazinywa pamoja badala ya kuzitenganisha, naye amekuwa akiziona kila siku kwenye meza na kunyamaza. Tulipovuka daraja la mfereji alikuwa bado anasema, na mzee anaitikia, "Ehe. Ehe, mwanangu."